Vyuma vya kubandikwa au trei angavu: kipi kitazilinda fizi zako?

Swali la kwanza kwa daktari wa kupanga meno huwa bei, la pili huwa muda. La fizi huja miezi kadhaa baadaye, siku povu la dawa ya meno linapotoka likiwa jekundu. Ningependa lije mwanzo. Jino lililonyooka ambalo ufizi wake umeshuka na mfupa wake umeliwa si jino la kujivunia, na kifaa utakachokubali leo utakaa nacho mdomoni mwaka mmoja na nusu, miwili, pengine zaidi.

Hapa nalinganisha vifaa viwili: vyuma vinavyobandikwa kwenye meno, na trei za plastiki angavu zinazovaliwa na kuvuliwa. Kipimo changu ni kimoja: kila kimoja kinazifanyia nini fizi na bakteria wa kinywani. Bei na urembo nitavigusa pale tu vinapoingilia kipimo hicho.

Mkosaji ni ukoga

Ukiwaacha pembeni watu wachache wenye mzio wa nikeli, chuma chenyewe hakiumizi ufizi. Kinachouumiza ni ukoga, ule utando laini unaojengeka juu ya meno kila siku, ambao karibu wote ni bakteria. Hili lilithibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudi kupiga mswaki, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Hapakuwa na chuma kinywani mwa mtu. Ukoga peke yake ulitosha.

Vyuma huingia hapo kwa kuupa ukoga mahali pa kujificha. Kila breketi, yaani kile kipande kidogo kinachobandikwa juu ya jino, ina kingo na pembe, waya unapita mbele yake, na chini ya waya kuna nafasi ambayo mswaki wa kawaida hauifikii vizuri. Mate na ulimi, ambavyo kwa kawaida husaidia kuosha meno, navyo huzuiwa. Ukoga hukaa, hunenepa, na bakteria waliomo hubadilika.

Mabadiliko hayo huenda pande mbili. Juu ya jino wanaongezeka wapenda sukari, hasa Streptococcus mutans na Lactobacillus. Hawa hugeuza sukari kuwa asidi, na pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ikishuka chini ya takriban 5.5 madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Ndipo yanapotokea madoa meupe kama chaki kuzunguka breketi. Mbele ya ukoga mzito doa kama hilo linaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu, yaani hata kabla hujarudi kliniki kwa mara ya pili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1982 ulikuta madoa hayo kwa karibu nusu ya waliopata matibabu ya vyuma, wakati kwa wasiotibiwa yalikuwa kwa takriban robo.

Chini ya ukingo wa ufizi hali ni nyingine. Ufizi ukivimba hupanda juu ya jino na kutengeneza mfuko wa bandia kati yake na jino: mfupa bado uko mahali pake, ila kina kimeongezeka kwa sababu nyama imeinuka. Ndani ya mfuko huo hewa ya oksijeni ni haba, na mazingira hayo ndiyo wanayoyapenda Prevotella intermedia, Tannerella forsythia, Treponema denticola na Porphyromonas gingivalis. Wengi wetu tunao baadhi yao kwa idadi ndogo bila madhara. Uvimbe huwafungulia mlango, wao huongeza uvimbe, na mfuko huzidi kuwa na kina. Ndiyo maana uvimbe mdogo unaopuuzwa kwa mwezi mmoja huwa mgumu kuurudisha mwezi wa tatu.

Baada ya vyuma kutolewa, damu na uvimbe hupungua, na idadi ya bakteria hawa nayo hushuka kwa miezi kadhaa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba, kwa wastani, matibabu ya kupanga meno yaliacha fizi zikiwa zimeshuka kwa milimita 0.03, mfupa umepungua kwa milimita 0.13 na kina cha mfuko kimeongezeka kwa milimita 0.23 ukilinganisha na wasiotibiwa. Hivi ni vipimo vidogo mno. Lakini wastani huwachanganya wanaosafisha vizuri na wasiosafisha, na ni hao wa pili ninaowahofia.

Vyuma: tofauti zimo kwenye vitu vidogo

Watu huzungumzia vyuma kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa upande wa fizi, mambo makubwa yamo kwenye maamuzi madogo ambayo mgonjwa huwa haulizwi, na anaweza kuuliza mwenyewe.

La kwanza ni magego. Zamani kila jino lilivalishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi hushika resini, aina ya plastiki inayogandisha kama gundi, vizuri, na kutokana na ugunduzi huo breketi zikaanza kubandikwa moja kwa moja juu ya jino. Pete zimebaki kwenye magego, kwa sababu zinashika sana na huko nyuma ndiko nguvu ya kutafuna ilipo. Tatizo ni kwamba ukingo wa pete mara nyingi huingia chini ya ufizi. Utafiti wa Boyd na Baumrind wa mwaka 1992 ulikuta magego yenye pete yakiwa na ukoga na uvimbe zaidi kuliko yenye mirija midogo ya kupitishia waya iliyobandikwa. Mirija nayo ina kasoro yake: hubanduka kirahisi zaidi. Kwa mtu mwenye fizi nyepesi kuvimba ningechagua mirija, nikikubali safari moja au mbili za ziada kliniki. Kwa mtoto ambaye kila wiki anakutwa na muwa mdomoni, pete ina hoja yake.

La pili ni namna waya unavyofungwa kwenye breketi. Vipira vya rangi ndivyo vinavyopendwa na vijana, na sioni vibaya mtoto kuchagua rangi ya timu yake. Ila vipira hulegea, hubadilika rangi, na uso wake hushika ukoga. Tafiti kadhaa zimekuta bakteria au damu zaidi kwenye meno yaliyofungwa vipira kuliko yaliyofungwa waya mwembamba wa chuma, ingawa si zote zilizokuta tofauti kubwa. Waya mwembamba humchukua daktari muda zaidi kuufunga, na ncha yake ikijitokeza hukwaruza shavu. Bado, mtu ambaye fizi zake zinatoka damu tangu mwanzo aombe waya. Breketi za mlango, zinazojifunga zenyewe bila kipira, huuzwa kwa ahadi nyingi za usafi. Sijaona ushahidi wa kutosha wa kulipa zaidi kwa ajili ya fizi pekee.

La tatu ni gundi. Gundi inayobaki ikizunguka breketi, hasa upande wa ufizi, huacha uso wenye mikwaruzo ambako ukoga hurudi haraka kuliko mahali pengine popote. Pitisha ulimi siku ile ile ya kubandikwa. Ukihisi ukali, sema kabla hujainuka kwenye kiti.

Breketi za kauri, zenye rangi ya jino, ni suala la sura tu; kwa fizi hazina nafuu. Zile za upande wa ndani, zinazobandikwa nyuma ya meno, huepusha madoa meupe mbele. Lakini unasafisha mahali usipopaona, na nyuma ya meno ya mbele ya chini ndipo ugaga, yaani ukoga uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, hupenda kujijenga, kwa kuwa mate yenye madini hutokea karibu na hapo. Sizipendekezi kwa mtu ambaye tayari ana ugaga.

Kuna jambo linalowahusu wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Nakuru na kwingineko kwenye Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi. Enameli iliyoathiriwa na floridi, ile yenye mabaka ya kahawia au meupe, inaweza kuishika gundi kwa udhaifu, hivyo breketi zikabanduka mara kwa mara. Kila kubandika upya ni kazi nyingine ya asidi na gundi juu ya jino lile lile. Mwambie daktari ulikulia wapi. Pia piga picha za karibu za meno yako kabla ya kuanza, kwenye mwanga mzuri. Bila picha hizo, vyuma vikitoka itakuwa vigumu kujua ni baka lipi lilitokana na maji ya nyumbani utotoni na lipi limeletwa na ukoga.

Trei angavu: faida yake imo mikononi mwako

Trei hizi zilianza kuenea baada ya kampuni ya Align Technology kuanzishwa California mwaka 1997. Daktari huchukua umbo la meno, kompyuta hupanga hatua, na mgonjwa hupewa mfululizo wa trei za kubadilisha kila wiki moja au mbili. Kila moja huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku.

Faida kwa fizi ni ya wazi. Unavua, unapiga mswaki kama mtu asiye na kifaa chochote, unapitisha uzi katikati ya meno bila kuhangaika na waya, unavaa tena. Hakuna pete chini ya ufizi. Katika miezi ya mwanzo wavaaji wa trei kwa kawaida huonekana na ukoga na damu kidogo kuliko wenye vyuma.

Hata hivyo, kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2018 ambalo kila anayetaka kulipa zaidi kwa ajili ya trei anapaswa kulijua. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: trei, breketi zinazojifunga, na breketi za vipira. Baada ya miezi 18, hali ya usafi wa kinywa haikuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Naliamini tokeo hilo, na nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Trei hukupa nafasi ya kusafisha, haikusafishii. Na wenye vyuma, wakifundishwa vizuri na kufuatiliwa, hujifunza.

Trei pia ina hatari yake ambayo huku kwetu ni kubwa: chai. Mtu anakunywa chai ya maziwa yenye sukari asubuhi, saa nne, na jioni, na kila mara kuvua trei mbele za watu kunamchosha. Akinywa trei ikiwa mdomoni, sukari huingia kati ya plastiki na jino na kubaki humo, mbali na mate ambayo yangeisuuza na kutuliza asidi. Soda ni mbaya zaidi, maana inakuja na asidi yake. Sheria ya trei ni moja: likiwa si maji ya kawaida, vua. Ukijijua kwamba hutavua, basi kwa meno yako trei si salama kuliko vyuma.

Madoa meupe yapo huku pia. Uchunguzi uliolinganisha makundi haya mawili ulikuta madoa ya wavaaji wa trei yakiwa mapana lakini mepesi, na ya wenye vyuma yakiwa madogo lakini yaliyozama zaidi. Usisahau vile vinundu vya resini ambavyo daktari hubandika kwenye meno ili trei ishike. Navyo hukusanya ukoga kandokando yake, ingawa havifiki kiwango cha breketi.

Trei yenyewe huota utando wa bakteria. Ioshe kwa maji ya kawaida na mswaki laini kila unapoivua. Maji ya moto huipinda, na trei iliyopinda hubana ufizi mahali pasipostahili. Ukienda kula hotelini usiifunge kwenye tishu; ndivyo zinavyopotelea jalalani.

Na si kila jino linakubali trei. Chonge lililokwama juu kwenye mfupa, jino lililozunguka sana, au taya zisizolingana mara nyingi huhitaji vyuma, au upasuaji pamoja navyo. Daktari akikueleza hivyo, hana nia ya kukunyima kitu cha kisasa.

Nani achague nini

Mtoto wa miaka 12 au 13: vyuma vya kawaida, mirija kwenye magego ikiwezekana. Katika umri huu homoni za kubalehe zenyewe huzifanya fizi zivimbe haraka, na kumtegemea mtoto avae trei saa 22 shuleni na nyumbani ni kujitafutia gharama mara mbili. Mzazi awe tayari kuangalia meno kila usiku kwa miezi ya mwanzo. Kuuliza “umepiga mswaki?” hakutoshi, inua mdomo uone.

Mtu mzima mwenye fizi zinazotoka damu, au aliyewahi kuambiwa mfupa umepungua: asianze chochote bado. Hapa sina mashaka hata kidogo. Kusogeza jino ambalo fizi yake ina ugonjwa unaoendelea huharakisha kupotea kwa mfupa, kwa sababu nguvu ya waya na uvimbe vinafanya kazi juu ya mfupa ule ule. Kwanza ugaga usafishwe, juu na chini ya ufizi, mifuko ipimwe, na isubiriwe miezi kadhaa hadi damu ikatike. Baada ya hapo, kama mpangilio wa meno unaruhusu, ningemwelekeza kwenye trei. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa na mvutaji sigara wako katika kundi hili hili, hata kama fizi zao hazijaanza kulalamika.

Mjamzito fizi zake huvimba kirahisi kwa ukoga kidogo tu. Aliye na vyuma tayari anaweza kuendelea, akisafishwa kliniki mara nyingi zaidi. Anayefikiria kuanza, asubiri.

Anayeishi mbali na daktari wa kupanga meno ana hesabu nyingine. Vyuma vinahitaji kurudi kila wiki nne hadi nane, na breketi ikibanduka Tunduma au Lodwar wakati daktari yuko Dar es Salaam au Nairobi, waya unaoning’inia unaweza kuchoma ufizi kwa wiki nzima. Kwa trei, daktari anaweza kukupa kadhaa kwa mkupuo. Umbali ni sababu halali kabisa ya kuchagua trei, kuliko kutaka zisionekane kwenye picha.

Kazi ya kila usiku, ukichagua vyuma

Mswaki laini, ukiuinamisha nyuzi 45 kuelekea ufizi, kwanza juu ya waya halafu chini yake. Kisha brashi ndogo ya katikati ya meno, ile yenye umbo la mti mdogo, inayopita chini ya waya kando ya kila breketi. Kama ni lazima ununue kitu kimoja tu zaidi ya mswaki, nunua hiyo. Uzi wa meno wenye ncha ngumu hupita chini ya waya, ila unachukua muda, na wengi huuacha mwezi wa pili.

Msuaki wa mti, ambao Pwani bado unatumika na ambao Shirika la Afya Duniani limewahi kuunga mkono matumizi yake, ni mzuri kwa meno yaliyo wazi. Kwenye vyuma nyuzi zake hazipiti chini ya waya, na mti ukisukumwa kwa nguvu unaweza kubandua breketi. Utumie upande wa ndani wa meno ukipenda, usiwe ndio kifaa chako pekee.

Dawa ya meno iwe na floridi, 1,450 ppm (sehemu kwa milioni) kwa mtu mzima. Mwenye madoa meupe yanayoanza anaweza kuandikiwa ya 5,000. Tema bila kusuuza kwa maji mengi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini hupunguza kweli bakteria na damu, lakini ikitumika zaidi ya wiki mbili hivi huacha madoa ya kahawia kwenye meno na hubadilisha ladha ya chakula. Ni ya kutuliza uvimbe uliokwisha kuanza, chini ya usimamizi wa daktari.

Njia mbili ambazo siziweki kwenye mizani

Kufunga raba kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Mizizi ya meno hupungua unene kuelekea ndani, kwa hiyo raba huteleza, huingia chini ya ufizi na kupanda taratibu ikikata mfupa. Kwa nje unaona mwanya unaziba na unafurahi. Watu wamepoteza meno mazima, yasiyo na tundu hata moja, kwa raba ya senti chache.

Nyingine ni vyuma vya urembo vinavyobandikwa na asiye daktari. Hivyo vina kila mahali pa ukoga kujificha na havina faida hata moja ya matibabu.

Vikishatoka

Meno hurudi yalikotoka yasipozuiwa, kwa hiyo uchaguzi unajirudia: waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele, au kishikizi cha kuvua usiku. Waya hausahauliki nyumbani, ila unakusanya ugaga mahali pale pale mate yanapotokea, na unahitaji kusafishwa kliniki kila miezi sita. Cha kuvua kinaziacha fizi huru. Aliyehangaika na damu muda wote wa vyuma achukue cha kuvua, maadamu atakivaa.

Na aliye katikati ya safari sasa hivi, fizi zimevimba hadi zinaanza kufunika breketi: usisubiri tarehe ya kadi. Daktari anaweza kuutoa waya kwa muda, kuacha breketi peke yake, kusafisha, na kurudisha waya fizi zikitulia. Ikishindikana, ana haki ya kuvitoa vyote hata kama meno hayajanyooka, na ni afadhali akufanyie hivyo.